Disketi za Zamani: Usikubali Kuzifomati

Ndugu mwanafunzi, huenda nyumbani kwenu Kayanga, Omurushaka au Nkwenda lipo boksi la disketi kabatini. Pengine ni la mzee aliyekuwa katibu wa msikiti, mwalimu, au karani wa chama cha msingi cha kahawa. Ndani yake huenda mna orodha za wanafunzi, mahesabu na hotuba ambazo karatasi zake zilishaliwa na mchwa. Makala hii inaeleza namna ya kuyahamisha mafaili hayo bila kuyaua.

Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilipolegezwa, mashine zikaingia za kila umri, nyingine za kununuliwa, nyingine za msaada, na disketi zake hazikufanana. Ile laini ya inchi 5.25 ni ya zamani zaidi. Ile ngumu ya inchi 3.5 ndiyo ya kawaida, nayo hubeba MB 1.44 tu (flashi moja ya GB 8 inameza zaidi ya 5,000 za namna hiyo). Sony iliacha kuziuza mwaka 2011.

Wengi husema, "Nunua draivu ya nje ya USB, basi." Ni kweli kwa disketi za inchi 3.5 zilizoandikwa na DOS au Windows. Lakini chukua disketi ya Macintosh ya miaka ya 1980, ile ya KB 800. Kwa macho ni ileile. Tofauti ni mwendo: draivu ya Macintosh hubadilisha kasi kadiri kichwa chake kinavyosogea kati ya ukingo na katikati, ilhali ya kawaida huzunguka mara 300 kwa dakika bila kubadilika. Ni kama kaseti inayokwenda mbio mara ikazubaa. Sauti ipo, maneno hayashikiki.

Hapo ndipo penye hatari. Windows ikishindwa kusoma, hukuambia kwamba diski haijafomatiwa, na hukuuliza kama uifomati sasa. Jibu HAPANA! Ujumbe ule hausemi kwamba disketi ni tupu, bali kwamba mashine haielewi mpangilio wake. Ukikubali, unaweza kufuta ulichokuja kukiokoa. Kwa hiyo ilinde kabla hujaiingiza. Ya inchi 3.5 hulindwa kwa kuacha wazi kile kidirisha cha pembeni. Ya inchi 5.25 ni kinyume, huzibwa pengo lake la ubavuni. Na yenye ukungu usiiingize kabisa, itachafua kichwa cha draivu na kukwaruza zinazofuata.

Kwa disketi ngeni kuna kifaa kidogo kiitwacho Greaseweazle, kinachounganisha draivu ya zamani na tundu la USB. Chenyewe hakijali mafaili. Hunakili mabadiliko ya sumaku jinsi yalivyo, kisha programu huyafasiri. Bado draivu ya ukubwa unaolingana inahitajika, basi ile kompyuta kuukuu ya stoo isiende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla hamjaing'oa draivu yake.

Faili likishatoka, LibreOffice, ambayo ni ya bure, hufungua maandishi mengi ya zamani, yakiwemo ya WordPerfect. Kiarabu kina mtihani wake. Kompyuta huhifadhi namba, si herufi: katika Windows ya Kiarabu 199 ni alifu na 200 ni ba, lakini katika Windows ya Kizungu namba hizo ni Ç na È. Ukiona ukurasa umejaa alama hizo, faili halijaharibika. Chagua usimbaji wa Kiarabu unapolifungua, na herufi zitarudi.

Wala usishangae kukuta habari za Kaisho au Murongo katika faili liitwalo KARAGWE. DOS iliruhusu jina la herufi 8 tu, na Kyerwa haikuwa wilaya hadi mwaka 2012.