Mapasa walale wapi?

Ninyi nyote mwaijua hukumu ya mfalme Salomoni. Wanawake wawili walimjia wakigombea mtoto mmoja, naye akaagiza upanga uletwe. Wanafunzi wetu hupenda sana kuusimulia upanga ule. Lakini ni wachache wanaokumbuka jinsi yule mtoto mwingine alivyokufa. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 3, chaeleza wazi kwamba mama yake alimlalia usiku. Kosa la kumwiba mtoto wa mwenzake lilikuja baadaye. Lile la kwanza, kwa maoni yetu, halikuwa kosa la moyo mbaya, bali la uchovu na usingizi mzito katika kitanda kimoja.

Tumeikumbuka habari hiyo kwa ajili ya mama mmoja wa milima ya karibu na Bukavu, aliyejifungua mapasa, mvulana na msichana. Mvulana alikuwa na uzito wa gramu 2300, dada yake gramu 1900 tu. Siku ya kutoka katika nyumba ya wazazi, mama huyo alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu palepale. Alisema: «Kwetu kuna kitanda kimoja na chandarua kimoja. Mimi, baba yao, na kaka yao wa miaka mitatu, sote twalala humo. Hawa wawili niwalaze wapi?»

Swali hilo si la mama huyo peke yake. Baluba wa Katanga wana Kyungu na Kabange wao, wenzao wa Kasai wana Mbuyi na Kabanga, Bakongo wana Nsimba na Nzuzi, na huko Unyamwezi, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, huitwa Kulwa na Doto. Pasipo mapasa wengi, mtu hawezi kuwawekea majina yao maalumu. Na kweli ni wengi. Wataalamu waliohesabu uzazi katika nchi nyingi waliona kwamba katika nchi za Afrika ya kati, kila mara akina mama elfu moja wanapojifungua, zaidi ya 18 kati yao huzaa mapasa. Katika nchi za Asia ya kusini hawafiki 9.

Kuzaliwa kwao ni ngoma na nyimbo. Kuwalea ni jambo jingine. Katika mwaka 2017 ilitangazwa hesabu ya nchi 30 za Afrika zilizo kusini ya Sahara: kati ya mapasa 1000 waliozaliwa wazima, zaidi ya 200 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Kwa watoto waliozaliwa mmoja mmoja hesabu ilikuwa chini ya 80. Tofauti hiyo haitoki kwa mizimu wala kwa jicho baya la jirani. Tumbo moja limebeba wawili. Mara nyingi huzaliwa kabla ya wakati, nao huwa wadogo. Mtoto aliye chini ya gramu 2500 hana mafuta ya kutosha mwilini ya kumtunzia joto, shingo yake ni dhaifu, na anapozibwa pua hana nguvu ya kujinasua wala ya kulia kwa sauti ya kumwamsha mtu. Ndiyo maana mahali pa kulala, ambapo kwa mtoto mkubwa ni jambo dogo, kwa mapasa wachanga ni jambo la uhai.

Tuanze na mahali palipo bora kuliko pote, tena pasipouzwa dukani, yaani kifua cha mama. Katika mwaka 1978, mjini Bogotá katika nchi ya Kolombia, mganga Edgar Rey Sanabria aliona kwamba kuvezi, yaani zile mashine za kuwatia joto watoto wachanga, hazikutosha. Watoto wawili au zaidi walilazwa katika mashine moja, wakaambukizana magonjwa na kufa. Akaagiza kila mtoto mdogo afungwe kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Wazungu wakauita ulezi wa kanguru, kwa jina la mnyama wa Australia anayemchukua mwanawe katika mfuko wa tumboni. Wengine waliudhani kuwa ni dawa ya maskini tu. Lakini katika mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto wenye uzito wa kilo moja hadi pungufu kidogo ya kilo 1.8. Wale waliowekwa kifuani tangu mwanzo walifariki 12 kati ya 100. Wale waliongoja kwanza mpaka hali yao itulie walifariki karibu 16. Na katika mwaka 2022 Shirika la Afya la Ulimwengu likashauri kwamba kila mtoto mdogo akae hivyo saa 8 hadi 24 kila siku.

Akina mama huuliza kama kifua kimoja chatosha kwa wawili. Chatosha. Wawekwe wima, mmoja upande huu, mwenzake upande ule, miguu imekunjwa kama ya chura, vichwa vimegeuzwa kando ili pua ziwe wazi, kisha wafungwe kwa kikwembe kwa namna ya kutoweza kuteleza. Usiku mama asilale chini kabisa, ila aegemee. Na mama akichoka, baba avue shati. Kifua cha mwanamume kina joto lile lile. Twajua kwamba katika vijiji vingi jambo hili litachekesha watu. Wacheke, mradi mtoto yu hai.

Lakini hakuna awezaye kuwabeba saa zote. Wanapowekwa chini, walazwe chali. Hapo bibi zetu hawakubali: wanaogopa kwamba mtoto akicheua maziwa yatamkaba. Tusiwadharau bibi, kwa maana hata waganga wa Ulaya na Marekani kwa miaka mingi waliwashauri wazazi kuwalaza watoto kifudifudi, nao walikuwa wamekosa. Mtoto alalapo chali, njia ya hewa hukaa juu, njia ya chakula hukaa chini yake; maziwa yanayorudi hayapandi kwa urahisi kuingia katika njia ya hewa, naye huyameza tena au huyatoa kando ya kinywa. Alalapo kifudifudi mambo hugeuka. Tena pua yake huzama katika godoro, akavuta hewa ile ile aliyokwisha kuitoa, mpaka akose nguvu. Uingereza ilianza kuwafundisha wazazi jambo hili kwa bidii katika mwaka 1991, na Marekani katika mwaka 1994. Vifo vya ghafula vya watoto waliolala vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka kumi hivi, pasipo dawa wala sindano.

Kitanda chenyewe kiwe kigumu kidogo na tambarare. Godoro laini linalobonyea, mto, blanketi zito la kufunika kichwa, vitambaa vilivyorundikwa pembeni ili mtoto «asianguke», hivyo vyote ni hatari, hata kama vimeshonwa vizuri na shangazi kwa mapendo. Ghali si lazima. Huko Finland serikali iliwapa akina mama maskini sanduku la kartoni lenye nguo na kigodoro tangu mwaka 1938, na tangu mwaka 1949 akina mama wote. Watoto wengi wa nchi ile walilala usiku wao wa kwanza humo ndani ya sanduku. (Sanduku halikuwa na uchawi. Mama hakulipata mpaka aende kwanza kupimwa na mganga au mkunga, na huenda safari hiyo ilimfaa kuliko kartoni yenyewe.) Kitunga kipana kisichopinduka, au sanduku la mbao lililopigwa randa vizuri, lafaa.

Je, mapasa walale pamoja au mbali? Hapa wenye elimu hawapatani. Waganga wa watoto wa Marekani, katika maagizo yao ya mwaka 2022, wataka kila mtoto awe na mahali pake, hata akiwa pacha, karibu na kitanda cha wazazi, ila si ndani yake. Uingereza wao wakubali kwamba mapasa wangali wadogo walale katika kitanda kimoja cha watoto, wote chali, pasipo kitu cha kuwatenga katikati yao, mpaka mmoja aanze kujigeuza. Desturi yetu nayo yataka mapasa wapate kila kitu sawasawa, na wazee wengi hawapendi kuwatenga. Kwa maoni yetu, mwenye nafasi awape vitanda viwili. Asiye nayo awalaze katika kimoja kipana, miguu ya huyu ikielekea miguu ya yule, na kichwa cha kila mmoja upande wake. Hapo mkono wa mmoja hautafunika uso wa mwingine. Wakianza kujigeuza, ambalo kwa wengi huwa katika mwezi wa tatu au wa nne au baadaye, waachane.

Katika kitanda cha watu wazima hatuwezi kuwakubalia, hasa wakiwa chini ya gramu 2500 au wamezaliwa kabla ya wakati. Baba aliyekunywa kasiksi au lutuku hajui mkono wake umeangukia wapi. Anayevuta tumbako, na anayemeza dawa za kuleta usingizi, ni vivyo hivyo. Na kaka wa miaka mitatu asilale kamwe kando ya kichanga; naye hana kosa, ni mtoto.

Bali chandarua? Hapo ndipo mashauri ya Ulaya yanapotuacha njiani, kwa maana waliyoyaandika hawana mbu wa malaria. Ukimtoa mtoto katika kitanda cha wazazi ukamwacha nje ya chandarua, umemkimbiza na hatari moja kumtupa katika nyingine. Kitanda cha mapasa kisimame bega kwa bega na cha mama, na chandarua kining'inizwe juu ya vyote viwili. Kikiwa kidogo, chombwe cha pili kutafutwa mapema: mama mja mzito hupewa chandarua anapokwenda kupimwa, akiulize. Kisiguse uso wa mtoto, na pindo zake ziingizwe vizuri chini ya godoro.

Tuseme na juu ya baridi, maana usiku wa Kivu si usiku wa Kindu. Wengi huingiza mbabula yenye makala ndani ya nyumba na kufunga mlango. Makala hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Jamaa nzima yaweza kulala isiamke, na wadogo ndio wa kwanza. Mbabula ikae nje, joto litoke kifuani pa mama, na kofia ndogo anapokuwa hapo. Anapolala peke yake asivikwe nguo kupita kiasi: mguse kisogoni, akitoka jasho, mpunguzie. Na watu wa Goma na Sake hawahitaji kuambiwa habari ya mazuku, ile hewa mbaya itokayo ardhini katika nchi ya volkano, ambayo kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hujaa mabondeni, hasa usiku pasipo upepo. Kwa sababu hiyo huko mtoto asilazwe sakafuni kamwe, na nyumba isijengwe shimoni.

Limebaki jambo la uchovu, ambalo tuliliona kwa Salomoni. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku na usiku wake. Mapasa wakinyonya kila mmoja kwa saa yake, mama huitwa mara 16 hadi 24. Ni nani awezaye kustahimili? Basi mmoja akiamka, amwamshe na mwenzake, wanyonye pamoja au mmoja baada ya mwingine, kisha wote walale. Asinyonyeshe katika kiti chenye mito akiwa na usingizi, kwa maana hapo mtoto huteleza na kubanwa. Ni afadhali ajilaze kitandani, na mtu mwingine amchukue mtoto akishiba. Mtu huyo ni nani? Ni baba, ni mama mkwe, ni ninyi wasichana na wavulana wa shule, mnaoweza kuteka maji na kupika jioni ili mama yenu apate saa mbili za usingizi mchana.

Yule mama wa milimani tulimtembelea tena baada ya majuma tisa. Mume wake alikuwa amepigilia mbao, akatengeneza kitanda cha mapasa chenye kimo sawa na chao, akakiegemeza upande wa mama, na kuning'iniza chandarua kikubwa kwenye miti ya dari. Kaka yao alikuwa amehamia mkekani kwa nyanya yake, ambako alilalamika siku mbili. Msichana alikuwa amepita gramu 3000. Alilala chali, mikono juu ya kichwa, na nyanya aliyeketi mlangoni akatuambia kwamba yeye bado hapendi kumwona hivyo, lakini hamgeuzi.