Kwa nini kiongozi wa besiboli hutunukiwa kwa kazi ya sheria

Nchini Marekani viongozi wa besiboli huenziwa si kwa vikombe pekee, bali pia kwa namna walivyoitumia sheria. Kisa cha vijana wa Kampala waliozuiwa kusafiri mwaka 2011 kinaonyesha kwa nini jambo hilo linamhusu hata mzazi wa Mbuya.

Anayeshuka kilima cha Mbuya, akapita Nakawa na kuifuata Barabara ya Jinja kuelekea katikati ya mji, hufika Lugogo, yalipo makao ya Baraza la Taifa la Michezo. Mbuya ni mtaa wenye kambi ya jeshi, na kwa kuwa Kiswahili kimekuwa lugha ya askari nchini Uganda tangu enzi za ukoloni, hapa ni mojawapo ya sehemu za Kampala ambako lugha hii husikika bila kutafutwa. Katika viwanja vya mitaa kama huu, kandanda ndiyo inayotawala. Besiboli bado ni mgeni. Hata hivyo, mgeni huyu amekwisha kuwavusha bahari vijana wa Uganda, na mara moja aliwaachia huzuni kubwa kwa sababu ya karatasi.

Ndiyo maana habari za kiongozi wa besiboli kutunukiwa kwa umahiri katika sheria za michezo na uongozi zinahitaji kufafanuliwa. Mchezo wa gongo, mpira na glavu unahusiana nini na mahakama?

Kazi isiyoonekana uwanjani

Kiongozi wa besiboli si kocha. Yeye husimamia mikataba, hujadiliana na chama cha wachezaji, huamua mashauri na kutoa adhabu. Mwaka 1920, baada ya wachezaji wanane wa Chicago White Sox kushutumiwa kuuza fainali za mwaka uliotangulia kwa wacheza kamari, wamiliki wa timu walimkabidhi mchezo wao jaji wa mahakama ya shirikisho, Kenesaw Mountain Landis. Akawa kamishna wa kwanza. Mwaka 1921 baraza la wazee wa mahakama liliwaachia huru wachezaji hao, lakini siku iliyofuata Landis aliwafungia maisha. Alitaka ieleweke kwamba kuachiwa na mahakama hakumrudishii mchezaji imani ya watazamaji.

Tangu hapo wanasheria kadhaa wameishika ofisi hiyo. Rob Manfred, aliyeanza kazi ya ukamishna Januari 2015, alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard. Chuo Kikuu cha Marquette, mjini Milwaukee, kina taasisi ya sheria za michezo iliyoanzishwa mwaka 1989.

Lakini umahiri wa sheria haumfanyi kiongozi kuwa mwadilifu katika kila jambo. Kwa muda wote Landis alipokuwa kamishna, hadi kifo chake mwaka 1944, hakuna mchezaji mweusi aliyeruhusiwa kucheza katika ligi kuu. Hapakuwa na kanuni iliyoandikwa ya kuwazuia. Palikuwa na mazoea tu, na jaji huyo hakuyavunja.

Kifungu kilichomfunga mchezaji

Kwa miongo mingi mikataba ya besiboli ilikuwa na kifungu kilichoipa timu haki ya kumshikilia mchezaji hata baada ya muda wake kwisha. Timu iliweza kumuuza au kumbadilisha bila kumuuliza. Mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria za kuzuia uhodhi wa biashara hazikuihusu besiboli, na kifungu hicho kikapata kinga.

Oktoba 1969 Curt Flood, mchezaji mweusi wa St. Louis Cardinals, aliambiwa kwamba amehamishiwa Philadelphia. Alikataa. Alimwandikia kamishna Bowie Kuhn, naye pia mwanasheria, akisema hajioni kuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa. Shauri lake lilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 1972 akashindwa kwa kura tano dhidi ya tatu.

Mlango uliofungwa mahakamani ulifunguliwa mezani. Marvin Miller, mchumi aliyeongoza chama cha wachezaji kuanzia mwaka 1966 hadi 1982, alikuwa amekwisha kupata katika mapatano haki ya kupeleka migogoro kwa msuluhishi huru. Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba wachezaji Andy Messersmith na Dave McNally walikuwa huru kutafuta timu nyingine. Mapema zaidi, mwaka 1968, Miller alikuwa ameinua mshahara wa chini kutoka dola 6,000 hadi 10,000 kwa mwaka. Alichaguliwa kuingia katika Jumba la Mashujaa wa Besiboli huko Cooperstown mwaka 2019, miaka saba baada ya kufariki.

Effa Manley na deni la heshima

Mfano mwingine ni wa mwanamke. Effa Manley aliendesha pamoja na mumewe timu ya Newark Eagles, iliyocheza katika ligi za watu weusi. Branch Rickey wa Brooklyn Dodgers, aliyehitimu sheria Michigan mwaka 1911, ndiye aliyevunja ubaguzi kwa kumsajili Jackie Robinson mwaka 1945, na kwa hilo anakumbukwa kwa haki. Lakini hakuilipa kitu timu ya Kansas City Monarchs alikotoka Robinson, kwa hoja kwamba mikataba ya ligi hizo haikuwa na nguvu ya kisheria. Timu ya Manley nayo ilimpoteza Don Newcombe kwa Rickey bila fidia.

Manley hakupinga wachezaji wake kupanda ngazi. Alichodai ni kwamba mkataba wa mtu mweusi uheshimiwe kama mkataba wa mtu mwingine yeyote. Mwaka 1947, Cleveland ilipomtaka Larry Doby, alisimama imara, na mmiliki wa timu hiyo, Bill Veeck, akalipa dola 15,000 kwa jumla. Mwaka 2006 Manley alikuwa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika jumba la Cooperstown.

Vijana wa Kampala na tarehe ya kuzaliwa

Julai 2011, timu ya watoto kutoka Kampala ilishinda mashindano ya kanda huko Kutno, Poland, na kuwa ya kwanza kutoka Afrika kufuzu kwa fainali za dunia za Little League, zinazochezwa Williamsport, Pennsylvania. Hawakwenda. Marekani iliwanyima viza kwa sababu ya tofauti zilizoonekana katika nyaraka za umri na kuzaliwa, na nafasi yao ikapewa timu ya Saudi Arabia waliyoishinda.

Ukali huo ulikuwa na historia. Mwaka 2001 timu ya Bronx, New York, ilifutiwa matokeo yake yote baada ya kugunduliwa kwamba mrushaji wake nyota, Danny Almonte, alikuwa na miaka 14 katika mashindano ya watoto wasiozidi miaka 12. Tangu hapo, tarehe ya kuzaliwa ikawa mlinzi wa lango.

Januari 2012, watoto wa Langley, Kanada, ambao wangekuwa wapinzani wa kwanza wa Waganda, walisafiri hadi Uganda ili mchezo ule usiochezwa uchezwe. Mwaka huohuo timu ya Lugazi ilifuzu, nyaraka zake zikakubalika, na huko Williamsport ikaishinda timu ya Gresham, Oregon, kwa 3-2. Mwaka 2015 timu nyingine ya Uganda iliilaza Jamhuri ya Dominika 4-1. Vipaji vya mwaka 2012 havikuwa vikubwa kuliko vya mwaka 2011. Kilichobadilika ni faili.

Sheria iliyopo sasa

Leo njia imekuwa pana zaidi. Ben Serunkuma na Umar Male walisajiliwa na Los Angeles Dodgers mwaka 2022, na David Matoma akasajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2023. Kanuni za ligi kuu huruhusu kijana wa nje kutia saini akiwa na umri wa miaka 16, ilhali Sheria ya Watoto ya Uganda humhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo kijana anaweza kuwekewa mkataba wa kigeni mbele yake akiwa bado chini ya ulinzi wa wazazi.

Kwa upande wa serikali, Sheria ya Taifa ya Michezo ya mwaka 2023 ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1964, na inayataka mashirikisho yasajiliwe kwa Baraza lililoko Lugogo. Kenya ilitangulia kwa sheria ya mwaka 2013, iliyounda pia baraza maalumu la kuamua migogoro ya michezo. Kuhusu vyeti, Katiba ya Uganda, katika ibara ya 18, inaitaka serikali iandikishe kila kizazi, na tangu sheria ya mwaka 2015 kazi hiyo hufanywa na mamlaka ya NIRA.

Mzazi mwenye mtoto anayependa mchezo wowote ana mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, cheti cha kuzaliwa kipatikane mapema, na tarehe yake ilingane na ya shuleni na ya kliniki. Pili, klabu au wakala anayemwita mtoto athibitishe kwamba amesajiliwa. Tatu, mkataba usomwe na mtu anayeielewa sheria kabla ya saini, hasa vifungu vya muda na vya kuuvunja.

Kiongozi anayestahili tuzo ya sheria za michezo ni yule anayehakikisha mambo hayo yametimizwa kabla mtoto hajafika kwenye dirisha la viza. Vijana wa mwaka 2011 walikuwa wamekwisha kushinda uwanjani. Waliohitaji kufanya kazi yao ni watu wazima.