Niasini: Vitamini Iliyorudisha Akili

Je, wajua kuwa mwanzoni mwa karne ya 20 hospitali za wagonjwa wa akili kusini mwa Marekani zililaza watu wengi waliopungukiwa na vitamini tu? Ugonjwa wao, pelagra, uliwababua ngozi, ukawaharisha, kisha ukawavuruga akili: huzuni, kukosa usingizi, kusahau, kuweweseka. Madaktari wengi waliuona kuwa wa kuambukiza. Dkt. Joseph Goldberger, aliyekabidhiwa na serikali uchunguzi wa ugonjwa huo mwaka 1914, aliona jambo moja la ajabu: wagonjwa waliupata humohumo wodini, lakini wauguzi waliowashika kila siku hawakuupata. Kilichowatenganisha ni chakula. Wagonjwa walishindia mahindi. Wauguzi walipata nyama, maziwa na mayai.

Mwenye shaka atasema tumegeuza sababu kuwa matokeo, kwani aliyechanganyikiwa hali vizuri. Hoja hiyo ina uzito, na kwa sonona mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini mwaka 1915 Goldberger aliwapa wafungwa wazima wa Mississippi chakula duni cha namna hiyo, na baada ya miezi kadhaa 6 kati ya 11 wakaonyesha dalili za pelagra. (Waliahidiwa msamaha wa kifungo, jambo ambalo leo hakuna kamati ya maadili ingeliruhusu.) Mwaka 1937 Conrad Elvehjem akabaini kuwa dawa ni niasini, na wagonjwa waliopewa wakaanza kurudiwa na fahamu zao ndani ya siku chache. Seli huitumia niasini kuvuna nishati kutoka kwenye chakula, na ubongo ni mlafi wa nishati. Mahindi yanayo, ila imefungwa, hivyo mwili hauwezi kuitumia. Wameksiko huyachemsha kwa chokaa na kuifungua. Ugali wetu haupiti kwenye chokaa, kwa hiyo unategemea maharage, karanga na samaki wa pembeni.

Basi tumeze vidonge tuwe na furaha? Haifuati hivyo. Jaribio la Marekani lililotolewa mwaka 2020 liliwapa vitamini D au kidonge bandia watu zaidi ya 18,000 kwa takriban miaka 5, na sonona haikupungua. Wengi wao hawakuwa na upungufu, na pengo lisilokuwepo halizibiki. Niasini ikizidi sana huumiza ini. Mwenye pengo ndiye wa kutafutwa: mzee anayeanza kusahau, hasa akiwa anatumia metformini kwa kisukari, hupimwa kama ana pengo la vitamini B12 kabla ya kuambiwa kuwa ni uzee.