MEL BLANC: SUNGURA ALIYEMJIBIA DAKTARI

Msomaji wangu, hebu nikuulize kaswali kadogo kabla hujaruka kwenda ukurasa wa michezo. Yule sungura wa kijivu anayetafuna karoti, Bugs Bunny, unamjua? Bila shaka, hata mtoto wa chekechea anamjua. Na bata mweusi mwenye wivu, Daffy Duck? Na nguruwe mwenye kigugumizi, Porky Pig? Na paka Sylvester, na kile kindege cha njano, Tweety, ambacho paka huyo anakimezea mate miaka nenda miaka rudi asikipate? Haya, sasa niambie: sura ya mtu aliyekuwa akisema ndani ya hao wote unaijua? Hapo kimya!

Mtu huyo alikuwa mmoja tu, na jina lake ni Mel Blanc. Wamarekani walimpachika jina la Mtu wa Sauti Elfu Moja. Sauti yake imeingia sebuleni kwa watu dunia nzima, lakini yeye mwenyewe angeweza kupanda basi na kushuka bila abiria hata mmoja kugeuza shingo. Leo tumwangalie bwana huyu, maana maisha yake yana vichekesho na yana machozi, na yana somo kwa kila anayekula kwa kipaji chake.

Alizaliwa San Francisco, Marekani, Mei 30, 1908, akakulia Portland, katika jimbo la Oregon. Utotoni alikuwa na tabia moja: akisikia mtu wa kabila au taifa lingine akiongea, anamwiga palepale. Mtaani walikuwepo Wayahudi, Wachina, Wajapani na wengineo, na kila mmoja alikuwa mwalimu wake bila ada wala yunifomu. Darasani nako alikuwa mtundu wa sauti. Mwenyewe alisimulia kwamba mwalimu mmoja alimwambia hatafika popote, atakuwa kama jina lake lilivyo. Wakati huo ukoo wao uliandikwa Blank, neno ambalo kwa Kiingereza maana yake ni tupu, kama karatasi isiyoandikwa kitu. Jamaa akaona isiwe tabu. Akiwa na miaka 16 akaitoa ile K, akaweka C. Basi jina likabaki na mlio uleule ila utupu ukaondoka.

Mwaka 1927 akaanza kusikika redioni Portland. Alikuwa pia mpiga muziki, anajua fidla na lile tarumbeta kubwa linalomzunguka mpigaji kama chatu. Mwaka 1933 akamwoa Estelle Rosenbaum, na wawili hao wakawa na kipindi chao cha vichekesho redioni. Bajeti ya kuajiri waigizaji wengine hakuna. Unafikiri walifanyaje? Mel akawa mzee, akawa kijana, akawa jirani mkorofi, mkewe naye akamsaidia kwa sauti za kike. Hapo ndipo ufundi ulipoiva, jamani. Shida ndiyo iliyompa sauti nyingi.

Baadaye wakahamia Los Angeles, mji wa sinema. Mel alilenga studio ya Leon Schlesinger, iliyokuwa ikitengeneza katuni za kuuzwa na kampuni ya Warner Bros. Akaenda kuomba kujaribiwa. Akaambiwa nafasi hakuna. Wiki mbili baadaye akarudi, nafasi hakuna. Akarudi tena. Mchezo huo, kwa maelezo yake mwenyewe, uliendelea kwa zaidi ya mwaka. Siku moja akakuta bwana aliyekuwa akimfukuza hayupo, na aliyeshika kiti, Treg Brown, akasema haya, tuonyeshe unachokijua. Akapewa kazi ya kuwa fahali mlevi katika katuni ya mwaka 1937. Fahali mlevi, msomaji wangu! Kazi iliyosubiriwa mwaka mzima ni kukwikwika na kuropoka. Lakini aliikwikwika vizuri, na mlango ukafunguka.

Mwaka huohuo akapewa Porky Pig. Aliyekuwa akimwigiza kabla yake, Joe Dougherty, alikuwa na kigugumizi cha kweli, na maneno yakikwama filamu nazo zinakwenda bure. Mel alijua kukigugumia kwa kipimo, akawa anakata pale anapotaka kukata. Mwaka huo pia ndipo Daffy Duck alipozaliwa. Mwaka 1940 akaja Bugs Bunny katika katuni iitwayo A Wild Hare, na kuanzia hapo kazi ikawa moto. Karoti alikuwa anatafuna kweli mbele ya maikrofoni. Walijaribu vitu vingine, lakini hakuna kilicholia kama karoti ila karoti yenyewe. Akishatafuna, hana muda wa kumeza kabla ya sentensi inayofuata, basi anatema kwenye chombo pembeni na kuendelea. Watu wakazusha kwamba karoti zilikuwa zinamdhuru mwilini. Mwenyewe alikanusha.

Redioni nako hakulala. Alijiunga na kipindi cha mchekeshaji maarufu Jack Benny, ambaye kwenye mchezo alikuwa bahili wa kutupwa. Mwanzoni Mel alipewa kunguruma tu, akiwa dubu anayelinda hela za bahili yule. Alinguruma miezi kadhaa, mpaka siku moja akamwambia bosi kwamba, bwana Benny, mimi kuongea pia najua. Bosi akacheka na kumwongezea kazi. Siku nyingine mlio wa gari bovu, uliorekodiwa kwenye santuri, ukagoma kutoka katikati ya kipindi. Mel akarukia maikrofoni, akalitengeneza gari zima kwa mdomo: linakohoa, linapiga chafya, linazimika. Tangu siku hiyo santuri ikapewa likizo na gari likawa lake.

Sasa tuje kwenye hela, maana ndipo penye kisanga. Mel alikwenda kwa Schlesinger kuomba nyongeza ya mshahara. Mzee yule alikuwa mkono wa birika, akakataa katakata. Mel akasema basi, kama pesa huna, niandikie jina langu kwenye filamu. Hilo likakubalika, kwa sababu wino haugharimu kitu. Mwaka 1944 jina lake likaanza kuonekana mwanzoni mwa katuni kama mwenye sauti. Kabla ya hapo watoa sauti wa katuni hawakuandikwa, walikuwa kama wapishi wa harusi: chakula kinasifiwa, wao wako jikoni kwenye moshi.

Ile mistari michache ilimlipa kuliko nyongeza aliyonyimwa. Watayarishaji wa redio walikuwa wanakwenda sinema kama watu wengine. Wakaliona jina, wakampigia simu. Mwaka 1946 akapewa kipindi chenye jina lake mwenyewe.

Nami jambo hili linanigusa. Mimi ni mtoto wa kidato cha nne, sina ajira, nalipwa kwa makala. Gazeti moja, ambalo silitaji, liliwahi kutoa habari yangu ndefu bila kuweka jina. Nikampelekea mama nakala kwa furaha. Akaisoma yote, akaigeuza nyuma na mbele, akaniuliza, "Sasa mwanangu, nitawaambiaje majirani kwamba ni wewe?" Sikuwa na jibu. Kwa hiyo mtu akiniambia jina ni sifa za bure, namwambia aende akamuulize Mel Blanc.

Lakini tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Jina lile liliandikwa peke yake. Wenzake waliosema naye kwenye katuni zilezile, miaka mingi hawakuandikwa. Elmer Fudd, yule mwindaji mwenye upara anayemfukuza Bugs na bunduki, alikuwa na sauti ya Arthur Q. Bryan. Alikufa mwaka 1959, na mpaka leo wako watu wanaoapa kwamba Elmer alikuwa Mel. Bibi June Foray na Bea Benaderet nao walifanya sauti nyingi, watazamaji wakaona jina la mwanamume mmoja. Mimi simlaumu Mel kwa kuomba chake. Namlaumu mwenye studio aliyeona kuandika jina moja kunatosha kuwafunika wote.

Hata Mel mwenyewe alikuja kuonja upande huo. Ndiye aliyetoa kile kicheko cha ndege Woody Woodpecker mwaka 1940, kisha akafungwa na mkataba wa studio nyingine. Kicheko kikaendelea kutumika. Akaenda mahakamani, akashindwa, kwa sababu hakuwa amekisajili kama mali yake. Mwishowe walimalizana nje ya mahakama. Wasanii wa kwetu wanaorekodi leo na kusaini kesho, hapo mnasikia?

Basi ikafika Januari 24, 1961. Mel alikuwa akiendesha gari kwenye barabara ya Sunset, Los Angeles, penye kona iliyojulikana kwa kuua watu. Gari lingine likamjia uso kwa uso. Miguu yote miwili ikavunjika, nyonga ikavunjika, fuvu likapasuka. Akapelekwa hospitali akiwa hajitambui. Siku zikapita, wiki zikapita, mkewe na mwanawe Noel wanamwita, mgonjwa kimya. Daktari anamwita kwa jina lake, mgonjwa kimya.

Siku moja daktari huyo akabadilisha mbinu. Badala ya kumwita Mel, akauliza, "Bugs Bunny, leo unajisikiaje?" Kitandani, katikati ya mabandeji, ikatoka sauti dhaifu lakini ni ya sungura mwenyewe, ikajibu! Daktari akajaribu Tweety, na Tweety naye akajibu. Mgonjwa aliyeshindwa kuitika kwa jina alilopewa na wazazi akaitika kwa majina aliyoyapa uhai yeye mwenyewe. Kisa hiki kilisimuliwa na daktari, na familia ikakithibitisha. Wengine watakwambia ni bahati tu, alikuwa karibu kuamka. Mimi sina utaalamu huo. Najua tu kwamba mtu akifanya kazi moja kwa moyo kwa miaka zaidi ya 20, inamwingia ndani kuliko anavyodhani.

Wakati huo alikuwa sauti ya Barney Rubble, yule jirani mfupi kwenye The Flintstones, katuni iliyoanza 1960. Daws Butler alimshikia nafasi kwa vipindi vichache, kisha kazi ikamfuata Mel kitandani. Alilala na hogo mwili mzima, maikrofoni imening'inizwa juu yake, waigizaji wenzake wamezunguka kitanda. Watazamaji waliomsikia Barney akicheka hawakujua kwamba anayecheka hawezi hata kugeuka.

Alipona, akaishi miaka mingine 28. Alifungua kampuni ya matangazo ya redio pamoja na Noel. Akatokea kwenye tangazo la kadi za American Express, lile lililokuwa likiwatumia watu wenye majina makubwa na sura zisizojulikana. Mwaka 1988 akarudi na wanyama wake katika filamu ya Who Framed Roger Rabbit. Lakini Yosemite Sam, yule mwenye masharubu anayepayuka, akamwachia mtu mwingine, kwani koo la mzee wa miaka 80 lilikuwa limechoka kupayuka. Na sigara, ambazo alizivuta tangu utotoni mpaka uzeeni, zilikuwa zimeshamla mapafu.

Alifariki Julai 10, 1989, akiwa na miaka 81. Kaburi lake liko Hollywood, na kwenye jiwe yameandikwa maneno yaleyale ambayo Porky Pig alizoea kuagia nayo mwisho wa katuni, yenye maana kwamba jamani, ndiyo basi. Ni yeye mwenyewe aliyeagiza yaandikwe. Noel aliendelea kuziigiza sauti za baba yake, na waigizaji wengine wakagawana zilizobaki. Kazi ya mtu mmoja ikahitaji watu kadhaa.

Kwa hiyo, msomaji wangu, jioni watoto wakiwasha televisheni na sungura akaanza kutafuna, usiondoke haraka. Kama ni katuni ya zamani, subiri yale majina yanayopita mwanzoni. Msomee mwanao kwa sauti. Halafu mwambie kuna wengine waliosema humo ambao hawakuandikwa.

Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.