Kimya Tulichokiita Sitara

Mwezi uliopita nilifunga safari kwenda Kitengela kumtazama mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye kazi yake ukoo mzima haujapata kuielewa. Bibi yake husema, "Analipwa kusikiliza watu wakilia." Mimi nami, msomaji wangu, sikuwa mbali sana na fikira hiyo.

Nilishuka Athi River, njia ya Namanga inapochepuka, nikapanda matatu. Kitengela ilikuwa malisho ya Wamaasai, na wanyama wa mbuga ya Nairobi walizoea kuteremka huko wakati wa mvua. Tangu viwanda vya EPZ vianze Athi River katika miaka ya 1990, watu wa kila kabila wamemiminika, na leo ni maghorofa na vumbi. Mtu hukaa ukuta kwa ukuta na jirani asiyemjua jina. Kwetu Mji wa Kale mwanamke akipigwa, mtaa mzima husikia. Lakini kusikia ni jambo moja, na kuinuka ni jingine.

Mpwa wangu alinibusu mkono, akanikaribisha chumbani mwake mwa kazi. Mlikuwa na viti vitatu na hamna meza. Nikakaa kile cha karibu na mlango. Akacheka. "Mjomba, hicho ndicho wengi huchagua."

Kumbe hata viti vina elimu yake. Mtu aliyetendwa jeuri alinyang'anywa hiari, basi hapa hurudishiwa hiari kidogo kidogo: achague kiti, aseme mlango ufungwe au uachwe wazi, aguswe mkono kwa idhini yake. Mwili wake, alinieleza, hubaki umekesha ingawa hatari imepita. Mlango ukibamizwa, hushtuka. Harufu ya manukato fulani humrudisha usiku ule ule. Akiulizwa kisa chake, huanza mwisho, akasahau siku na akakumbuka rangi ya pazia. Asiyejua humwita mwongo. Ajuaye hutambua kuwa ndivyo kiwewe kinavyoshika kumbukumbu.

Kisha akaniambia jambo lililonichoma. Aliyebakwa asioge kabla ya kuonwa na daktari. Nguo zake zitiwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwani plastiki hufungia unyevu na ushahidi ukaharibika. Afike hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, ili dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zipate kumfaa. Nasi neno la kwanza tumwambialo binti yetu ni lipi? "Nenda kakoge, mwanangu." Twasema kwa huruma na kwa kupenda tohara, na huku twamfutia mdhalimu alama zake.

Kesho yake tulikwenda Kajiado mjini, makao makuu ya kaunti. Huko kuna shule ya msingi ya wasichana ya AIC, iliyoanzishwa mwaka 1959, ambayo chini ya mwalimu mkuu Bi Priscilla Nangurai ilipata sifa ya kuwa kimbilio la wasichana waliokuwa wakiozwa wangali watoto au kukeketwa. Wakati huo hakuna aliyeita kazi ile ushauri nasaha. Kulikuwa na kitanda, daftari, na mtu mzima aliyesimama mlangoni baba mtu alipokuja kwa hasira. Sheria zilifuata baadaye: ya watoto mwaka 2001, ya makosa ya kijinsia mwaka 2006, aliyoipigania Bungeni Bi Njoki Ndung'u, na ile ya kupiga marufuku ukeketaji mwaka 2011. Mjini Nairobi, Hospitali ya Nairobi Women's ilifungua kituo cha manusura mwaka 2001.

Kabla ya 2006 ubakaji uliandikwa katika sheria zetu chini ya makosa dhidi ya maadili. Tazama neno hilo! Kana kwamba kilichojeruhiwa ni adabu ya mji, wala si mwili wa mtu. Wala tusidhani ni mambo ya wanawake peke yao: katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2010, vijana wa kiume 18 katika kila 100, na wa kike 32, walisema waliwahi kudhulumiwa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa maneno, nilimwuliza kwa nini husema "manusura" na si "muhanga". Akanijibu kwamba muhanga ni wa kuchinjwa. Nikakumbuka Kiarabu cha chuoni: neno hili limetoka katika nusra, nalo humtaka mtu wa pili, yule aliyenusuru.

Hapo ndipo nilipomweleza nisiyopata kumweleza mtu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye hati nzuri, na wazee wa mtaa wakaniita niandike waraka wa suluhu. Mke kijana alikuwa amekimbia kwa mumewe, jicho limevimba. Niliandika kwamba pande zote mbili zimeridhika. Yeye hakuulizwa. Alirudishwa usiku ule, na sote tukashukuru kwa sitara.

Mpwa wangu hakunilaumu wala hakunituliza. Aliniuliza, "Yu hai?" Nikasema yu hai, mjane, akaa Kisauni. Nikasema nataka kwenda kumwomba radhi.

"Usende na maneno yako, Mjomba. Huenda yakawa ya kukupumzisha wewe. Nenda kamsalimu. Akitaka kusema, atasema."

Nimekwenda. Alinitilia kahawa, tukazungumza bei ya nazi na ugonjwa wa kakake. Nilipokuwa navaa viatu aliniuliza, "Wewe bado waandika?" Nikamjibu kuwa bado naandika. Akanitazama kitambo, kisha akaniuliza nitapita tena lini. Nimemwambia Ijumaa, baada ya swala.