Mnyoo Asiyetaga: Nafasi ya Picha katika Utambuzi wa Chango

Katika Kiswahili, neno chango hutaja utumbo na papo hapo mnyoo aishiye humo. Nyumba na mpangaji wameshiriki jina moja. Makala haya yanamhusu mpangaji, ambaye wataalamu humwita askarisi.

Aghalabu chango hutambuliwa kwa kupima kinyesi. Mnyoo wa kike huweza kutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku, nayo huonekana vyema kwa hadubini. Njia hii ni nafuu, na zahanati zetu haziwezi kuiacha. Hata hivyo ina pengo: hutafuta mayai, haimtafuti mnyoo. Tangu mtu ameze mayai, hupita miezi miwili hadi mitatu kabla ya mnyoo kuanza kutaga. Tena, iwapo minyoo waliomo ni wa kiume pekee, hakuna yai litakaloonekana kamwe. Mgonjwa huambiwa hana kitu, ilhali tumbo lamsokota.

Hapo ndipo ultrasaundi inapofaa. Chombo hiki hupeleka mawimbi ya sauti tumboni na kuunda picha kutokana na mwangwi unaorudi. Mnyoo huonekana kama mistari miwili myeupe iliyo sambamba, mithili ya reli, na baina yake mfereji mweusi, ambao ni utumbo wa mnyoo mwenyewe. Akiwa hai, huonekana akijinyonganyonga kwenye kioo.

Manufaa haya hudhihirika zaidi chango anapopanda na kuingia katika mrija wa nyongo. Huko huweza kuleta homa, macho kugeuka manjano na maumivu makali chini ya mbavu za kulia, dalili ambazo ni rahisi kuzidhania mawe ya nyongo. Pichani, jiwe hutupa kivuli nyuma yake. Mnyoo kwa kawaida hatupi. Tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa wengi wenye mnyoo mrijani hupona kwa dawa bila kupasuliwa.

Eksirei ilitangulia. Mgonjwa hunyweshwa bariamu, na mnyoo huonekana kama ufito mweusi ndani ya weupe. Na iwapo naye ameinywa bariamu (mlafi hata hapo!), utumbo wake hung'aa kama uzi mweupe.

Mnyoo wa safura, mwenye urefu wa takriban sentimita moja, ni vigumu kumnasa kwa picha hizi. Kwake yeye, hadubini ingali hakimu.