Joto Likizidi, Tuvae Nini?



Mwezi uliopita nilipata barua kutoka kwa mama mmoja, mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo. Anasema kuwa hapa kwetu pwani, tangu Desemba hadi Machi, joto halivumiliki. Mabinti wanakwenda sokoni na vitopu na kaptula fupi, vijana wa kiume wanapanda daladala vifua wazi, na wakikaripiwa hujibu kwamba wanatunza afya zao. Mwishoni ananiuliza: je, nesi, ni afya kweli au ni utovu wa adabu tu?

Mama yangu, swali lako lina mambo mawili ndani yake, nami nitaanza na lile nililosomea.

Mwili wa binadamu una joto la nyuzi 37 hivi za sentigredi, na ngozi ya nje huwa chini kidogo ya hapo. Jua likiwaka, au ukifanya kazi ya sulubu, mwili hujitahidi kutoa joto lililozidi. Njia yake kubwa ni jasho. Lakini jasho linalotiririka na kudondoka chini halikusaidii kitu. Linalokupooza ni lile linalokauka juu ya ngozi, maana likigeuka mvuke huondoka na joto. Hewa ya pwani imekwisha kujaa unyevu, hivyo jasho halikauki upesi. Ndiyo maana nyuzi 32 za Tanga au za Dar es Salaam humchosha mtu kuliko nyuzi 32 za Dodoma.

Basi, kupunguza nguo kunasaidia? Ukiwa kivulini na upepo unapita, ndiyo, kunasaidia sana, kwa kuwa upepo unaifikia ngozi na jasho linakauka. Ukiwa juani, la hasha. Jua linakupiga moja kwa moja na ngozi inapokea joto lote. Wazee wetu wa pwani walilijua hili bila kupita darasani: kanzu nyeupe, pana, ndefu mpaka chini, upepo unaingia kwa chini na kutokea shingoni. Wavuvi na wakulima wengi nao hujifunika kichwa na mabega jua likiwa la utosi. Hivyo yule kijana anayevua shati saa saba mchana na kutembea barabarani hajipozi, anajichoma.

Kitambaa chenyewe nacho kina neno. Pamba hunyonya jasho na kulipitisha nje. Nailoni na poliesta hulizuia ndani, na hapo ndipo unapopata harara shingoni na kwapani, na fangasi mapajani na chini ya matiti. Siku hizi hata kanga na vitenge vingi madukani si pamba tupu, ingawa muuzaji ataapa. Chomoa uzi mmoja pembeni, uushike kwa kibanio, uuwashe mbali na watoto. Pamba huungua ikawa majivu na kunuka kama karatasi. Poliesta huyeyuka ikaganda kama ushanga mgumu. Binti anaweza kuvaa kitopu cha mtumba cha poliesta kilichombana, mabega yote nje, akaungua kwa joto kuliko mama yake aliyevaa gauni pana la pamba lenye mikono.

Ndugu zetu wenye ualbino wasidanganywe kabisa na habari za kuvaa kidogo. Kwao jua ni adui wa mwaka mzima. Mikono mirefu, sketi au suruali ndefu na kofia yenye ukingo mpana ni dawa kwao sawasawa na vidonge vya mgonjwa wa presha. Pale Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun kwa ajili yao. Lakini mafuta hayachukui nafasi ya nguo. Mwalimu anayemwamuru mtoto mwenye ualbino avae kaptula na mikono mifupi ili afanane na wenzake kwenye mchezo wa jioni, anamdhuru.

Sasa niseme la watoto wachanga, kwa maana hapo ndipo ninapoumia kila mwaka. Utamkuta mama amevaa blauzi nyepesi, anajipepea kwa kadi ya kliniki, na mgongoni ana mtoto wa miezi miwili mwenye fulana, sweta la sufi, kofia ya sufi, soksi, blanketi, na juu ya yote kanga ya kubebea. Mtoto amekuwa mwekundu machoni, analia kwa sauti ndogo. Siku moja nilimwambia bibi mmoja, "Shikamoo bibi. Tumvue mjukuu, anaungua." Akanijibu, "Marahaba mwanangu. Lakini watu watasema nini? Nimeleta mtoto wa watu uchi hospitali?" Tulipomvua, ngozi yote ya shingo na kifua ilikuwa vipele vitupu, na jasho limelowesha mpaka blanketi. Hakuwa na malaria, tulimpima. Alikuwa amepikwa tu.

Sikumlaumu yule bibi, wala nawe usimlaumu. Anaogopa upepo usimletee mtoto nimonia. Ni hofu ileile inayomfanya kijana wa bodaboda avae jaketi zito kifuani wakati sisi sote tunahema. Nimonia inaletwa na vijidudu, si upepo. (Ila jaketi la bodaboda silikatazi. Akianguka kwenye lami, afadhali ichubuke jaketi kuliko ngozi. Nimesafisha vidonda hivyo vingi mno.) Kwa mtoto mchanga kanuni ni nyepesi. Katika joto la pwani avae kama wewe ulivyovaa, au pungufu. Fulana moja ya pamba na nepi vinatosha, na nyumbani nepi peke yake inatosha. Mguse kifuani au nyuma ya shingo. Akiwa moto na amelowa, punguza. Kichwa chake akiwa juani mkinge kwa mwavuli. Usimfunike uso kwa kitenge, maana hewa haipiti. Na kama hajatimiza miezi sita, maji ya kunywa usimpe hata kama ni joto kali. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, naye atapata maji yote anayoyahitaji.

Hapo pia mabinti wetu wa sasa wamepata haya ambayo mama zetu hawakuwa nayo. Wakati nakua, mama alinyonyesha sokoni, garini, popote, na hakuna aliyegeuza shingo. Leo mama kijana huona aibu, anamfunika mtoto gubigubi anaponyonya, mtoto anatokwa jasho mpaka anaacha titi. Kama unataka stara, funika bega na titi, acha uso wa mtoto upate hewa.

Turudi kwa mama mwenyekiti na sehemu ya pili ya swali lake, yaani adabu. Nchi yetu imewahi kulijaribu jambo hili kwa nguvu. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969, kupiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na mafuta ya kujichubua. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini kabla ya tarehe hiyo haijafika, wasichana walikuwa wamekwisha kushambuliwa na kuchaniwa nguo Kariakoo. Miaka hiyo hiyo Wamasai nao walikuwa wakilazimishwa kuacha mashuka yao na kuvaa suruali, kwa kuwa ilionekana wanatembea uchi. Mwezi Novemba 2014 wanawake wa Nairobi waliandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani na wanaume waliodai kwamba amevaa vibaya. Mimi kama nesi nasema hivi: aliyevuliwa nguo na umati analetwa kwetu na majeraha ya kucha na ya mateke, na mengine yasiyoandikika kwenye cheti. Sijawahi kumwona mtu akiletwa hospitali kwa sababu ya kuona mapaja ya jirani.

Hii haina maana kila nguo ifae kila mahali. Nyumbani kwako, shambani, ufukweni, vaa utakavyo. Sokoni na barabarani, nadhani kanga moja begani haina uzito. Unakwenda nayo, jua likiwaka unajifunika, ukifika kivulini unaitoa. Wageni wanaotembelea Zanzibar huombwa wafunike mabega na magoti wanapopita mjini, na nguo za kuogelea wazivae pwani tu. Hata Roma, katika joto la Julai, walinzi wa Basilika ya Mtakatifu Petro humzuia mtu mwenye mabega wazi au kaptula fupi, awe mwanamume au mwanamke. Mgeni mwenye busara hubeba mtandio mkobani.

Nimesema mwanamume au mwanamke makusudi. Katika mikutano yetu nimesikia sketi za mabinti zikijadiliwa saa nzima, na mzee anayeongoza kikao amefungua vifungo vyote vya shati mpaka kitovuni. Katika daladala iliyojaa, aliye kifua wazi ndiye anayewapaka wenzake jasho lake. Fulana ya pamba ingelinyonya. Kwa hiyo mama yangu, ukimwita binti umshauri, mwite na kaka yake. Na umshauri faraghani kwa upole, kama mwanao, si mbele ya kituo cha basi.

Lipo jambo moja ambalo adabu ya nguo inaweza kuua kabisa, na hilo sitalipita haraka.

Ilikuwa mwezi Februari, miaka kadhaa iliyopita, kwenye mazishi. Tulikuwa tumesimama makaburini tangu saa sita. Mama mmoja wa makamo alikuwa amevaa gauni la kitambaa kizito, gagulo ndani, kanga mbili juu na kilemba. Akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, kisha akaanguka. Watu wakamzunguka mpaka hewa ikakosekana. Mmoja akamfunika kanga ya tatu ili miguu isionekane. Mwingine akaleta kitunguu cha kunusa. Nilipomgusa, ngozi ilikuwa ya moto kama chungu kilichotoka jikoni. Nilijua ni kiharusi cha joto, na kwamba dawa yake ya kwanza ni kumvua na kummwagia maji. Nami, nesi wa miaka mingi, nilisita. Niliinua macho nikawaona wakwe zake wamesimama hatua tatu kutoka pale, mkono wangu ukabaki juu ya kifungo cha gauni.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja mzee. Alipaza sauti: "Wanawake, kanga!" Mara moja kina mama kama kumi wakakamata kanga zao ncha kwa ncha, wakamzunguka mgonjwa wakiwa wamempa mgongo, nyuso nje. Ukuta ukasimama. Wanaume wakaambiwa warudi nyuma, wakarudi, wakatumwa kutafuta maji na gari. Ndani ya ukuta ule tulimbeba mgonjwa hadi chini ya mwembe, tukamvua kila kitu kizito, tukamlowesha mwili mzima kwa ndoo ya maji ya kunawia, na wawili wakampepea kwa sinia bila kupumzika.

Huo ndio utaratibu, nami naomba kila jumuiya iujue. Mtu akiwa na joto kali, amechanganyikiwa, anayumba, anatapika, ana degedege au amezimia, usisubiri. Mpeleke kivulini. Mvue nguo. Mmwagie maji na umpepee mfululizo, wala usiache wakati gari linatafutwa, hata ndani ya gari endelea. Asiye na fahamu mlaze ubavu na usimpe kinywaji, kitampalia. Paracetamol haisaidii joto la namna hii. Kisha hospitali moja kwa moja, ambako tutampima malaria na mengine, kwa maana joto la hewa na homa huweza kukutana kwa mtu mmoja. Akiwa mwanamume, wanaume wenzake wafanye ukuta. Wazee, wajawazito, wanaotumia vidonge vya presha vya kukojosha, na wanaofanya kazi juani ndio wa kuangaliwa zaidi, na mzee mara nyingi hasikii kiu. Mpe maji bila kumwuliza.

Yule mama tulimpakia nyuma ya pikapu, tumemzungushia kanga moja nyepesi iliyolowa, na ndoo ya maji pembeni. Tulikuwa nusu ya njia alipofumbua macho. Alinitazama kwa muda, akajipapasa kichwani, akauliza kilemba chake kiko wapi.